Lafoole, Marka na Gosha: upinzani wa koo za kusini mwa Somalia dhidi ya Waitalia, na ubishi juu ya kumbukumbu zake

Barabara itokayo Mogadishu kwenda Afgooye, mji ulioko kiasi cha kilomita 30 kutoka pwani, kwenye ukingo wa mto Shabelle, hupita mahali paitwapo Lafoole. Wasomali waliosoma kabla ya dola yao kuvunjika mwaka 1991 hulijua jina hilo kwa sababu ya chuo cha ualimu kilichojengwa hapo, ambacho baadaye kilifanywa kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Taifa. Wazee wa ukoo wa Wadaan hulijua kwa sababu nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 1896, msafara wa Antonio Cecchi, konsuli mkuu wa Italia huko Zanzibar, ulishambuliwa hapo ukiwa njiani kwenda kuonana na Sultani wa Geledi mjini Afgooye. Waitalia 14 waliuawa, Cecchi mwenyewe akiwa mmoja wao. Haikuwa imetimia miezi tisa tangu jeshi la Italia lishindwe na Wahabeshi kule Adwa, na habari za Lafoole ziliufikia mji wa Rome kabla jeraha la kwanza halijapona.

Tukio hilo hutajwa katika karibu kila historia ya Somalia. Vitabu vya shule vya enzi ya jamhuri vilisema kwamba waliomuua Cecchi ni Wasomali. Wadaan husema ni wao. Neno “Wasomali” na neno “Wadaan” yote mawili ni kweli, na bado kati yake pana umbali mkubwa, kwa sababu mwaka 1896 hapakuwa na taifa la Somalia lililoweza kutoa amri ya kupigana, na kila ukoo ulipigana kwa sababu zake, juu ya ardhi yake, ukiwa na kumbukumbu za vita vyake vya awali na jirani zake. Hakuna anayebisha kwamba upinzani ulikuwapo. Kinachobishaniwa ni nani aliyepinga, alipinga nini, na nani leo ana haki ya kuurithi upinzani huo.

Bandari zilizokodishwa kutoka Zanzibar

Chanzo cha mambo haya kinahusu historia ya Waswahili moja kwa moja. Pwani ya Benadir, yaani Warsheikh, Mogadishu, Marka na Barawa, katika karne ya 19 ilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Utawala wenyewe ulikuwa mwembamba: liwali, kikosi kidogo cha askari, forodha na bendera nyekundu. Nje ya kuta za mji, neno la liwali halikusikika bila ridhaa ya koo zilizouzunguka mji huo. Mwaka 1892 Sultani Ali bin Said alizikodisha bandari hizo kwa Italia, na mwaka uliofuata Rome ikazikabidhi kwa kampuni ya Vincenzo Filonardi, mfanyabiashara aliyepata kuwa konsuli wa Italia Zanzibar. Kampuni hiyo ilipodhoofika, ilikuja kampuni nyingine iliyojulikana kama Kampuni ya Benadir. Hatimaye, mwaka 1905, serikali ya Italia ilizinunua bandari hizo moja kwa moja kwa paundi 144,000.

Katika hatua zote hizo, koo za bara hazikuulizwa. Kwa mtazamo wao, Mtaliano alikuwa amekodi kutoka Zanzibar kitu ambacho Zanzibar haikuwa nacho. Dalili ilionekana mapema: mwaka 1893, kampuni ya Filonardi ilipoanza kushika madaraka mjini Marka, afisa mmoja wa Kiitalia, Luteni Maurizio Talmone, aliuawa mjini humo. Tarehe hiyo ifaa ikumbukwe, kwa maana tutairudia.

Vita vya zamani kati ya majirani

Hapa mfasiri hana budi kukiri shida yake. Neno la Kisomali qabiil tumezoea kulifasiri “ukoo”, lakini ukoo kwa Mswahili ni watu wa mlango mmoja, wanaoweza kukaa pamoja katika ukumbi mmoja siku ya arusi. Ukoo wa Kisomali waweza kuwa na watu laki kadhaa, wenye bonde lao, visima vyao, mikataba ya diya na jirani, na wanachuoni wao. Ni jamii ya kisiasa kamili. Tukisema “kabila”, tunawafanya Wasomali kuwa mataifa mbalimbali, jambo wasilolikubali. Basi tumebaki na “ukoo”, na msomaji aupanue mwenyewe.

Katika bonde la Shabelle ya chini, jamii tatu za namna hiyo zinahusika na kisa chetu. Wageledi, wenye makao yao Afgooye, ni wa jamii ya Digil, na walikuwa na masultani walioogopwa kwa silaha na kwa elimu ya siri. Wadaan, wa jamii ya Hawiye, walikuwa majirani na mara nyingi washirika wao. Wabiimaal, wa jamii ya Dir, walikaa kusini zaidi, kuizunguka Marka, nao walikuwa maadui wa Geledi kwa vizazi viwili. Mwaka 1848 Sultani Yusuf Mahamud wa Geledi aliuawa vitani na Wabiimaal. Mwaka 1878 mwanawe, Sultani Ahmed Yusuf, aliuawa nao vilevile. Aliyerithi kiti baada yake ni Osman Ahmed, na ndiye ambaye Cecchi alikuwa akienda kumwona.

Kwa hiyo, Waitalia walipoanza kupenya bara, walimkuta sultani ambaye baba yake na babu yake waliuawa na watu wale wale ambao sasa wangeweza kuwa wenzake dhidi ya mgeni. Watu hulaumu, kwa wepesi wa anayejua mwisho wa kisa, kwamba koo hazikuungana. Swali lililokuwa mbele ya Osman Ahmed lilikuwa jingine kabisa: je, ni nani aliye hatari zaidi kwake, mgeni aliyeko pwani au Mbiimaal aliyeko ng’ambo ya mashamba?

Kama Sultani huyo alijua mapema juu ya shambulio la Lafoole, hilo limebaki kuwa jambo la ubishi hadi leo. Italia haikusubiri jibu. Mwaka 1897 ilimtuma Giorgio Sorrentino akiwa kamishna maalumu, na vijiji vya eneo la Lafoole vikachomwa moto. Kwa upande wao, Waitalia walimfanya Cecchi kuwa shahidi wa upelelezi wa nchi za mbali, na jina lake likapewa mitaa katika miji yao. Kwamba mtu mmoja aweza kuwa jina la mtaa katika nchi moja na mifupa ya adui katika nchi nyingine ni jambo la kawaida katika historia ya ukoloni, lakini Lafoole linaonekana wazi zaidi kuliko pengi, kwa kuwa lafo katika Kisomali ni mifupa.

Marka yazingirwa

Vita vya Lafoole vilikuwa vya usiku mmoja. Vya Wabiimaal vilidumu miaka.

Mwaka 1902 na 1903, magazeti ya Italia yalilipuka kwa kashfa: ilibainika kwamba katika miji ya Benadir, chini ya bendera ya nchi iliyotia saini mikataba ya kimataifa ya kukomesha utumwa, watu walikuwa wakiuzwa, na mauzo yakiandikwa katika daftari za makadhi, huku maofisa wa kampuni wakiangalia. Msafiri Luigi Robecchi Bricchetti alitumwa na chama cha Italia cha kupinga utumwa, akahesabu watu nyumba kwa nyumba. Mogadishu peke yake alikuta watumwa wapatao 2,000 katika mji wenye wakazi wasiozidi 7,000. Wachunguzi wengine wawili, Gustavo Chiesi na Ernesto Travelli, walithibitisha mengi ya hayo. Kampuni ilifedheheka, na amri za kuzuia biashara ya watumwa zikatolewa.

Amri hizo ziliwagusa wenye mashamba. Kilimo cha mtama na ufuta kando ya Shabelle, ambacho katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilikuwa kimelisha bandari na kupeleka bidhaa hadi Arabuni na Zanzibar, kiliwategemea watumwa, wengi wao walioletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Waswahili: Wazigua, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa. Mtumwa aliyetoroka shambani sasa aliweza kukimbilia mjini kwa Waitalia na pengine asirudishwe. Wabiimaal waliokuwa na mashamba nyuma ya Marka walikasirika, nao walikuwa na sababu nyingine za kukasirika pia: bandari waliyoitegemea kwa biashara yao ilikuwa mikononi mwa watu wasio wa dini yao, na mashauri ya mji yalikuwa yakiamuliwa bila wao.

Mwaka 1904 waliifungia Marka njia zote za bara. Mwaka huohuo Giacomo Trevis, ofisa wa Kiitalia aliyesimamia mji huo, aliuawa. Miongoni mwa waliowaongoza Wabiimaal walikuwamo wanachuoni, Sheikh Abdi Gafle akiwa mashuhuri zaidi, na lugha ya vita vyao ikawa lugha ya jihadi.

Hapa kisa kinakutana na kile cha kaskazini. Sayid Mohamed Abdulle Hassan, kiongozi wa Madarwishi, alikuwa akipigana na Waingereza na Wahabeshi tangu 1899. Waandishi wa Kiingereza walimwita mwendawazimu, naye kwa mashairi yake aliwaita wao, pamoja na Wasomali waliomkataa, majina mabaya zaidi. Aliwapelekea Wabiimaal waraka mrefu wa Kiarabu, ambao wanahistoria huuita Risala kwa Wabiimaal, akieleza wajibu wa kupigana na kuwakemea wanaoshirikiana na makafiri. Lakini tarehe 5 Machi 1905, wakati vita vya Marka vinaendelea, Sayid huyohuyo alitia saini mkataba na Italia kule Illig, akapewa eneo la kukaa na watu wake katika bonde la Nugaal chini ya ulinzi wa Italia. Mkataba haukudumu, na silaha na barua ziliendelea kushuka kusini. Hata hivyo, kwa muda fulani wenye kuibeba vita dhidi ya Italia walikuwa Wabiimaal wa Marka, ilhali shujaa ambaye baadaye angewekwa juu ya farasi wa shaba alikuwa na amani na Italia. Mwandishi huyu hamlaumu Sayid. Alikuwa amechoka kwa vita na alihitaji kupumua. Ila jambo hilo halikuandikwa kwenye vibao vya sanamu.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 1907, kambi ya Waitalia karibu na Danane, baina ya Mogadishu na Marka, ilishambuliwa. Washambuliaji walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa mbele ya bunduki. Gustavo Pesenti, aliyekuwa afisa kijana hapo, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya usiku huo. Mapigano mengine yalifuata Merere mwaka 1908, na Septemba ya mwaka huo majeshi ya Italia yaliingia Afgooye. Geledi haikupigana. Koo za Biimaal zilianza kuweka silaha chini, na koloni likapewa rasmi jina la Somalia ya Kiitalia.

Wale waliotoroka

Mto Juba unapokaribia bahari, kulikuwa na msitu mnene, wenye mbung’o waliowaua ng’ombe na hivyo kuwazuia wafugaji. Msitu huo ndio Gosha. Kuanzia miaka ya 1840 hivi, watumwa waliotoroka mashamba ya Shabelle walianza kujenga vijiji humo. Wa mwanzo wengi walikuwa Wazigua, ambao masimulizi yao yanasema walitoka bara ya Tanga wakati wa njaa, wakadanganywa kwa ahadi ya kazi na chakula, wakapakiwa majahazini, wakauzwa Benadir. Masimulizi hayohayo yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha, mganga mwenye kuona mambo ya mbele, kuwa ndiye aliyewatoa utumwani na kuwaongoza hadi Juba.

Baadaye walikuja wengine wa makabila mbalimbali, na lugha waliyosikilizana kwayo mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Kiongozi wao mashuhuri, Nassib Bundo, alikuwa Myao. Alijenga ngome ya vijiji iliyoweza kujilinda dhidi ya wafugaji wa Ogaden, na mwaka 1890 watu wa Gosha waliwashinda. Alijua pia kucheza na wakubwa, akiutumia uhusiano na Zanzibar kujipatia heshima ya mtawala. Waingereza na Waitalia walipoufanya mto Juba kuwa mpaka baina yao, Gosha ilijikuta kwenye mstari huo. Nassib Bundo hakuwa mtu wa kutii kwa urahisi. Waitalia walimkamata, na akafia gerezani Mogadishu mwaka 1906.

Kwa hiyo katika miaka ileile Wabiimaal walipoizingira Marka, kwa sehemu kwa sababu watumwa wao walikuwa wakitoroka, mtu aliyekuwa kimbilio la watumwa waliotoroka alikuwa mfungwa wa Waitalia haohao. Huwezi kuzitia habari hizo mbili katika hadithi moja ya “watu dhidi ya mkoloni” bila kuumiza mojawapo.

Wala ukoloni haukuwa ukombozi kwa watu wa Gosha na wenzao wa Shabelle. Chini ya Gavana De Vecchi katika miaka ya 1920, mashamba makubwa ya Waitalia yalifunguliwa Janale, na yalikosa vibarua. Katika miaka ya 1930 utawala wa kifashisti uliwakusanya watu wa Gosha kwa nguvu, ukawahamishia mashambani wanaume kwa wanawake, na wengine wakaozeshwa huko bila hiari ili kambi iwe na kaya za kufanya kazi. Waliopita hapo waliuita mfumo huo kolonya. Ulikoma mwaka 1941, majeshi ya Uingereza yalipoiteka nchi. Ukiwauliza wajukuu wao ukoloni ni nini, watakusimulia juu ya kolonya kabla ya Lafoole.

Shujaa mmoja kwa taifa zima

Jamhuri iliyozaliwa mwaka 1960 iliunganisha makoloni mawili, na ilihitaji mababu wa pamoja. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1969, serikali ya Siad Barre ilimchagua Sayid Mohamed. Sanamu yake akiwa juu ya farasi ilisimamishwa Mogadishu. Kisomali kilipopata maandishi rasmi mwaka 1972, mashairi yake yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukusanywa na kuchapishwa kwa bidii: Sheikh Jaamac Cumar Ciise, aliyewazungukia wazee wa Madarwishi kwa miaka mingi na kurekodi kauli zao, alitoa diwani ya mashairi hayo na kisha, mwaka 1976, historia ya Madarwishi.

Uchaguzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Vita vya Madarwishi vilidumu miaka 20, vilimwangusha Richard Corfield mwaka 1913, na vilimalizwa tu mwaka 1920, ndege za Uingereza zilipoipiga mabomu ngome ya Taleh. Sayid alikuwa pia mshairi mkubwa, na katika nchi ambayo ushairi husafiri kwa kinywa kuliko barua, hilo lilimfanya asisahaulike. Lakini uchaguzi wa shujaa mmoja ulikuwa na gharama. Maandishi rasmi yalifuata lahaja ya kaskazini na kati. Kimaay, lugha ya Geledi na jamii nyingi baina ya mito miwili, hakikupata nafasi hiyo, na masimulizi ya vita vilivyopiganwa huko yalibaki midomoni mwa wazee. Wapo pia walionong’ona kwamba Sayid alikuwa wa ukoo wa Ogaden kwa baba, na kwamba mama yake Rais alikuwa wa ukoo huohuo.

Tena kulikuwa na Wasomali waliokuwa na kumbukumbu nyingine juu ya Madarwishi. Koo za Isaaq kaskazini hukumbuka mifugo iliyoporwa na miaka ya njaa. Na kusini, hasa Barawa, hukumbukwa mwaka 1909. Mwaka huo, kule Biyoley, Madarwishi walimuua Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, khalifa wa tarika ya Qadiriya, mzaliwa wa Barawa, ambaye wanafunzi wake walikuwa wameieneza tarika hiyo hadi Zanzibar na bara ya Tanganyika. Sayid alikuwa wa tarika ya Salihiya na aliuchukia mwendo wa Qadiriya. Wabarawa, ambao lugha yao ya Chimwiini ni ndugu wa Kiswahili cha Lamu na Mombasa, walimwomboleza Uways kuwa walii wao, na kaburi lake likawa mahali pa ziara. Mtoto wa Barawa aliyekaa darasani miaka ya 1970 alifundishwa kumwita baba wa taifa mtu ambaye nyumbani alijulikana kwa mauaji ya Sheikh. Sijui mwalimu angemjibu nini kama angeuliza.

Baada ya 1991

Dola ilipoanguka, sanamu ya Sayid iling’olewa. Hapakuwa tena na wizara ya kuamua shujaa ni nani, na kila jamii ilianza kuandika historia yake, kwanza katika vitabu vilivyochapishwa ughaibuni, kisha kwenye mitandao. Mwaka 1995 kilitoka kitabu kilichohaririwa na Ali Jimale Ahmed, The Invention of Somalia, ambamo wataalamu kadhaa waliipinga picha ya taifa la wafugaji wa asili moja, wakidai nafasi kwa wakulima wa kusini na kwa wazao wa watumwa.

Kumbukumbu hizo zina matumizi. Januari 2012, viongozi wa Dhulbahante, ukoo wa mama yake Sayid, walikutana Taleh, penye magofu ya ngome ya Madarwishi, wakatangaza eneo lao la Khaatumo, nje ya madai ya Somaliland na Puntland; mahali pa mkutano palichaguliwa kwa makusudi. Huko Marka, katika muongo huohuo, wanamgambo wa Biimaal walipambana na wale wa Habar Gidir, ukoo wa Hawiye ambao wapiganaji wake waliingia bonde la Shabelle wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukisoma maandishi ya Wabiimaal ya kipindi hicho, miaka ya 1904 hadi 1908 hutajwa mara kwa mara: aliyeilinda ardhi hii dhidi ya Italia ndiye mwenyewe. Habari za utumwa hazimo, au zimo kwa sentensi moja.

Hapo ndipo penye ubishi mkali zaidi kati ya wanahistoria na wenye historia yao. Lee Cassanelli, Mmarekani aliyekusanya masimulizi kusini mwa Somalia katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1982, alionyesha kwamba suala la watumwa lilikuwa na uzito katika hasira ya Wabiimaal, pamoja na dini na biashara. Wengi wa Wabiimaal huona kauli hiyo kuwa ni kurudia maneno ya mkoloni, ambaye kila alipopigwa alisema anapigwa na wauza watumwa. Wana hoja. Waitalia walikuwa na faida ya kusema hivyo, hasa baada ya kashfa yao wenyewe, na Luteni Talmone aliuawa Marka mwaka 1893, miaka kumi kabla ya amri zozote za kukomesha biashara hiyo. Kukataa utawala wa kigeni kulitangulia. Lakini kwamba kuzingirwa kwa mji kulianza mwaka 1904, na si kabla, hakuelezeki vizuri ukiyaondoa mashamba na waliokuwa wakiyalima. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mtu aweza kupigania uhuru wake na wakati huohuo akapigania kuendelea kummiliki mwingine. Wote wawili, aliyepigana na aliyemilikiwa, waliacha wajukuu, na wajukuu hao leo wanaishi katika wilaya zilezile.

Mgawanyo wa madaraka nao umelifanya jambo hili kuwa la leo. Tangu mkutano wa Arta nchini Djibouti mwaka 2000, viti vya bunge vimegawanywa kwa kanuni iitwayo nne na nusu: jamii kubwa nne, Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, zina sehemu sawa, na wengine wote kwa pamoja wana nusu ya sehemu moja. Wadaan wamehesabiwa ndani ya Hawiye, Wabiimaal ndani ya Dir, Geledi ndani ya Digil-Mirifle. Watu wa Gosha, Wabarawa na Wabajuni wamo katika ile nusu. Hoja inayosikika kutetea mpangilio huo ni kwamba hizo nne ndizo zilizoikomboa na kuilinda nchi. Na hoja ya wanaoupinga, hasa wazao wa Gosha, huanza na Nassib Bundo.

Wengine hawakusubiri hoja hiyo imalizike. Vita vya 1991 viliwakumba watu wa bonde la Juba bila ulinzi wa ukoo wowote wenye silaha, na maelfu walikimbilia kambi za Kenya, ambako kuanzia 2003 takriban 12,000 walipelekwa kuishi Marekani. Baadhi ya wenye asili ya Kizigua walipanda majahazi kusini zaidi, hadi Tanga, wakiifuata kinyume njia ile iliyowapeleka babu zao utumwani. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Walipofika, Kizigua chao kilieleweka na wenyeji, ingawa kilikuwa na maneno ambayo Handeni ilikuwa imeyaacha kitambo. Wazee wao bado humsimulia Wanankhucha kwa lugha hiyo.